Chumvi Iliyorudi Mfukoni

Clémentine hakuwa mtu wa kulipia kitanda. Tangu atoke kijijini Wamaza, siku ya tatu sasa, alikuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kwenda Kasongo kwa binti yake Esther-Divine, aliyejifungua juma lile, na msitu wa serikali ulikuwa bure. Wachuuzi wote wa njia ile hulala humo. Huacha chumvi kidogo juu ya jiwe, basi, mtu asiondoke na deni la mwenye mahali.

Jioni ile alipata uwanja mzuri kupita kiasi. Mafiga matatu, kuni kavu... na ardhi imefagiwa, mistari ya ufagio ikipindapinda.

Nani anafagia msitu?

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ilimfikia kwanza. Kisha fwa... fwa... fwa... Mwanamke akatokea mitini, ufagio mkononi. Clémentine akampima kwa macho. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, lakini miguu ya huyu haikuwa na hata tone la tope.

"Lala tu, mama. Hapa iko bure."

Clémentine akatoa chumvi yake. Mwanamke akausukuma mkono ule taratibu, kwa vidole vya baridi.

"Iache. Siku moja na weye utanilaza. Unaenda kwa nani?"

Moyo wa Clémentine haukutaka, lakini alilelewa vizuri, na mdomo ukatangulia. "Kwa mutoto wangu Esther-Divine, nyuma ya soko. Amezaa. Karibu kwetu."

"Aksanti," mwanamke alinong'ona, akapotea mitini. Clémentine akairudisha chumvi mfukoni, na hapo ndipo alipojiponza.

Kesho yake saa nne alifika. Uani kwa binti yake baiskeli ikamponyoka.

Mistari ya ufagio, ikipindapinda.

"Nani amefagia?"

"Mugeni wako, mama." Esther-Divine alikuwa mlangoni, mtoto kifuani. "Alifika jana magharibi. Alisema ulimukaribisha."

Jana magharibi... saa ileile.

Clémentine alimpokonya mtoto, akamfunua. Alikuwa mzima, anapumua. Alinuka mihogo iliyolowekwa.

"Iko wapi sasa?"

"Ametoka. Nilimupa chumvi ya njia, akakataa." Esther-Divine alionyesha ufagio ulioegemezwa ukutani. "Alisema anarudi leo kulala na mutoto. Alisema weye na yeye hamulipishane."