Yowe la Denny Kwenye Santuri Yetu

Sindano iligusa wimbo wa mwisho wa santuri... na marehemu akapiga yowe.

Niliganda!

Lile yowe tulikubaliana lifutwe. Tuliapa, mimi na Lyle, mpiga ngoma wetu, siku tunatoka makaburini, na yeye ndiye akachukua kazi ya kumwambia fundi wa studio.

Ngoja niwaeleze, wapenzi wasomaji.

Ni Toledo, Ohio, mwaka 1983. Mimi ni Gretchen, mpiga gitaa la besi. Bendi yetu ilipiga roki ya panki, ile kali, wimbo dakika moja, mbio mbio, jasho tupu! Mwimbaji alikuwa Denny Nowicki. Jukwaani simba, akishuka mpole kama njiwa.

Siku ya kurekodi albamu alishinda ameshika kifua.

"Gretch, kinabana."

"Acha zako, Denny! Umebakiza wimbo mmoja tu."

Akaimba. Katikati akapiga yowe ambalo halikuwa kwenye mashairi... akaanguka.

Hospitali walisema ni moyo, alizaliwa nao mbovu. Jioni haikumkuta.

Sasa miezi minne baadaye namsikia tena! Nikampigia Lyle simu.

"Nyoka wewe! Umeliacha!"

"Gretch, si mimi! Haki ya Mungu!"

Nikamkatia simu.

Albamu ikawaka moto. Vijarida vya vijana, vile vya kurudufu, vikaandika: "Hakuna aliyewahi kuimba kwa ukweli namna hii." Barua zikaja hadi kutoka California.

Tukaitwa kupiga kwenye ukumbi wa maveterani wa vita, na mwimbaji wa kuazima. Wimbo ule ulipofika, vijana mia mbili wakapiga yowe la Denny kwa pamoja...

Wakicheka!

Niliweka besi chini nikatoka. Toka hapo nalisikia kwenye birika likichemka, kwenye breki za basi. Kila mahali!

Mwezi wa saba tangu msiba nikaenda kwa mama yake Denny. Nilimkuta anakanda unga wa pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi.

"Mama, Lyle ametusaliti. Lile yowe..."

"Lyle hana kosa. Mimi ndiye niliyemwomba fundi wa studio aliache."

"Mama! Kwa nini?"

"Ni sauti ya mwisho ya mwanangu. Mlitaka kuifuta kwa faida ya nani?"



Akaendelea kukanda.

"Fundi alinipa mkanda mzima, Gretchen, usiokatwa. Mwanangu yuko chini, na kuna mtu anasema, 'Usizime, hiyo kali sana!'"

Jamani...

Mtu huyo ni mimi.

Fundi alitaka kukimbilia kwa Denny, nikamshika mkono. Nilidhani anaigiza. Sekunde ishirini na nne, nyie! Sikutaka yowe lifutwe kwa heshima ya marehemu. Nilitaka nifutwe mimi.

"Nimekungoja miezi saba uje useme mwenyewe," akasema.

Nikamwambia yote, kifua, mzaha wangu, mkono wa fundi. Alinisikiliza hadi mwisho, machozi yakidondokea unga.

"Msamaha wa kukupa bado sina," akasema. "Labda utakuja. Sasa nenda kwa Lyle."

Nilienda kwa miguu, maili tatu kwenye theluji.

Mtu akikwambia anaumwa, mwamini kwanza. Na ukiona una haraka sana ya kumwita mwenzako msaliti, jikague... huenda unautafutia mzigo wako mbebaji.