Zamu ya Efraimu kwenye Mnada wa Makambako

Maiti ya Mika Mtewele, mchuuzi wa ng'ombe, ilitolewa ndani ya josho la Makambako asubuhi baada ya siku ya mnada, imelowa dawa ya kupe na kisogo kimepasuka. Inspekta Odilo Haule alipofika kutoka Njombe, baridi ikimng'ata masikio, alikuta kesi imeshakwisha. Angalau kwa maoni ya koplo wa kituo.

"Muuaji tunaye, afande," koplo alisema, kifua mbele. "Mkulima mmoja, mzee Hezekia. Mnada wa mwezi uliopita alimkunja Mika shati mbele za watu, akamwita mwizi."

"Na mnada wa jana?"

"Jana walisalimiana vizuri tu."

"Amekiri?"

"Analia, afande."

Haya! Kulia nako kumekuwa ushahidi. Odilo alikasirika, lakini akameza. Gari la mahabusu la Iringa lilikuwa linakuja kesho yake, na serikali ya Mwingereza haikuchelewa kumnyonga mtu.

Mganga wa zahanati alikuwa amekwisha kuichunguza maiti. "Alipigwa kwa chuma," alisema. "Alikufa kabla ya kutumbukizwa. Mapafuni hamna dawa."

Kituoni alikuwa akisubiri Abrahamu Kilasi, mtaalamu wa uchumi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kuchunguza kwa nini ng'ombe wa Makambako huuzwa bei ya kutupa. Suti imenyooka, viatu vimejaa tope.

"Inspekta, Mika ameuawa kwa ajili ya ushindani."

"Ushindani wa nini, bwana? Wa mpira?"

Abrahamu hakucheka. "Wachuuzi watano hapa wamekula njama. Mnadani mmoja tu ndiye hupandisha bei, wanne wanafunga midomo. Mnada ujao ni zamu ya mwingine, na ng'ombe wote ni wa mwenye zamu. Mkulima anaona wanunuzi watano, kumbe ni mmoja. Mika alichoka, akanieleza kwa siri. Jana akampandia bei mwenye zamu, na watu wakapata bei ya haki. Hata huyo Hezekia aliuza dume, akamshukuru Mika kwa mikono miwili!"

"Mwenye zamu alikuwa nani?"

"Efraimu Mligo."

Odilo alisimama. "Koplo, mlete Hezekia. Na pingu zake hizohizo. Twende."

Efraimu aliwapokea zizini kwake, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Kamwene, Bwana Inspekta. Msiba mkubwa huu."

"Mara ya mwisho ulimwona Mika wapi?"

"Mnadani, mchana. Aliondoka na ng'ombe wake, akiwaswaga kuelekea joshoni. Sikumwona tena."

Hezekia alikuwa ameshika ua wa zizi kwa mikono yake iliyofungwa. Akapaza sauti, "Bwana! Dume langu lile, lenye baka usoni! Ndilo Mika alilonunua jana!"

Paja la dume lilikuwa na chapa ya Efraimu, kidonda bado kibichi.

"Aliniuzia," Efraimu alisema haraka.

"Lini? Aliondoka nalo, hukumwona tena. Limejileta?"

Koplo alikuwa ameingia bandani. Akatoka na chuma cha kupigia chapa, kimeoshwa vibaya, nywele za mtu bado zimenasa kwenye shingo ya chuma.

"Efraimu," Odilo alisema, "mtu anaua, halafu anachukua ng'ombe wa marehemu na kumpiga chapa yake mchana kweupe? Huna akili?"

"Ng'ombe wa marehemu?" Jamani, mtu yule alikasirika kwelikweli, kama aliyeibiwa. "Wa marehemu kwa lipi? Zamu ilikuwa yangu!"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akakaa chini kwenye samadi.

Odilo alimwonya kwamba atakayosema yataandikwa. Efraimu alipunga mkono, yaandikwe.

"Nilimfuata joshoni anipe ng'ombe wangu. Akakataa. Nikampiga."

"Kwa sababu alipandisha bei?"

"Bei? Kwa bei tungemtoza faini ya ng'ombe mmoja, tukanywa pombe, yakaisha. Tamaa humpitia kila mtu. Nilimwua kwa kuwa alituuza kwa serikali."

"Nani alikwambia?"

Efraimu alimnyooshea Abrahamu kidole. "Huyo. Juzi alikuja hapa, akaniuliza kwa nini mwenye zamu huvua kofia mnada unapoanza. Ishara hiyo tuliijua sisi watano tu. Sisi wanne ni ukoo mmoja, hakuna wa kusema. Mika peke yake ndiye mtu wa kuja."

Abrahamu alibadilika rangi. "Nilitaka kuhakikisha," alisema polepole. "Ndivyo tunavyofundishwa. Ukiambiwa na mmoja, umwulize na mwingine."

Odilo alimhurumia. Akamfungua Hezekia pingu, akamfunga Efraimu.

Mzee Hezekia alikuwa akitetemeka kwa furaha, masikio yake hayakuwa yamesikia nusu ya maneno yale. Akaushika mkono wa Abrahamu kwa mikono yake miwili, asiuachie.

"Mwanangu, umeniokoa na kamba. Na bei zetu umetuokolea. Usiondoke kwanza, nakuomba. Kaa hapa, uzidi kuwauliza maswali."

Abrahamu alifungua kinywa amjibu mzee. Akalia badala yake, na Hezekia akamwambia anyamaze, mambo yamekwisha.