Mgeni wa Nyumba ya Reli

Hanna aliosha sahani tatu, kisha akasimama akiikodolea macho ile ya tatu. Mchana ule walikula wawili tu, yeye na bintiye Diana wa miaka minne. Sasa hii nyingine aliitumia nani? Tena ilikuwa imelambwa ikatakata, na inanuka chuma cha moto, kama reli ikipigwa na jua.

"Babu kamaliza," Diana akasema.

"Babu gani?"

"Si yule uliyemkaribisha."

Hanna akaiweka sahani chini. Alikumbuka. Walikuwa ndio kwanza wamehamia ile nyumba ya mawe ya reli, kwenye mji mdogo wa stesheni chini ya Usa River, kwa kuwa kodi ilikuwa rahisi na mumewe Gerson aliweza kwenda kazini Arusha na kurudi. Siku hiyo Hanna alikuwa anakula barazani, mzee mwenye koti refu akapita. Hanna ni mtoto wa kijijini Akheri, kalelewa na mama asiyecheza na adabu: mtu anapita nawe unakula, usipomkaribisha, kofi linakuhusu. Basi akasema, bila hata kumtazama vizuri, "Karibu tule, babu." Alipoinua uso hakuona mtu, akaendelea na loshoro yake, mahindi ya maziwa mgando. Adabu, jamani! Nayo ina siku yake ya kutuponza.

Tangu hapo Diana akawa anakonda. Chakula kinaisha kwenye sahani yake, tumboni hakifiki. "Minyoo tu hiyo, mama Diana," Gerson alisema, akicheka. Jioni moja kiti kitupu kikajivuta chenyewe hadi mezani, mbele ya macho yake. Kicheko kikamkauka. Kesho yake akawa amepata chumba Daraja Mbili, kule Arusha mjini.

Walifunga mizigo, wakatoka. Walipovuka reli tu, Diana akachemka mgongoni kwa mama yake, macho yakageuka meupe. Wakarudi mbio, na homa ikakatika palepale. Wakajaribu kwa pikipiki, ikawa vilevile. Nyuma ya nyumba ni korongo na uzio wa shamba la maua, mbele ni reli, na hospitali, kanisa na kwao Akheri vyote viko ng'ambo, kwa hiyo Hanna akabaki kuzunguka mle ndani na mtoto kifuani, akisikia kiti kikivutwa, kijiko kikigonga sahani, mtu akimeza taratibu kwenye chumba kisicho na mtu, na kila alipofungua dirisha apate hewa, harufu ile ya chuma ndiyo iliyoingia.

Upande wao wa reli kulikuwa na duka moja, la Bibi Maleksultan, ambaye babu zake waliuza chumvi na vitambaa pale tangu reli inatandikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto kawa hivi, wewe unangoja nini?" Aliposikia habari yenyewe, bibi aliinama juu ya kaunta akanong'ona. "Ulimkaribisha kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Ndiyo maana. Hata mchungaji ameomba ndani ya nyumba ile mpaka sauti imemkauka. Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe hafukuzwi, anasindikizwa. Kesho jioni treni ya Moshi inasimama. Mpikie ashibe, umpeleke mpaka kwenye behewa. Lakini mwanangu, ukifika pale funga mdomo! Ukimuaga kwa adabu, atarudi, na hatatoka tena."

Kesho yake Hanna akapika ndizi na nyama, akaweka sahani, akageuka pembeni. Alipotazama tena, ilikuwa nyeupe. "Haya, babu," akasema, "nikusindikize."

Akamshika Diana mkono wakatoka kuelekea stesheni, bila kuvuka reli. Gerson alikuwa ameshavuka na mizigo, anawangoja ng'ambo. Kokoto zikalia nyuma yao, kisha ubavuni, krachu, krachu, hatua za mtu mzito asiye na haraka, na Hanna hakugeuka, akawa anahesabu mataruma ya reli ili asipige kelele, na joto la chuma likamchoma bega upande mmoja mpaka treni ilipoingia ikasimama.

Ngazi ya behewa la mwisho ikabonyea. Harufu ikakatika.

Treni ikaanza kusogea.

"Mama, njaa inauma," Diana akasema. Wiki nzima hakuwa ametamka neno hilo. Hanna akalia kwa furaha, akacheka, akambusu mtoto kichwani.

Dirisha la behewa likapita mbele yao. Ndani, kizani, sauti ya kizee, ya upole, ikasema, "Ahsante kwa chakula, mwanangu. Nimeshiba."

Na Hanna, machozi ya shukrani yakimtiririka, mtoto wa Akheri aliyelelewa akaleleka, akajibu, "Haya, babu. Karibu tena."

Breki zikalia. Treni ikasimama hatua chache mbele.

"Mama," Diana akanong'ona, akiuminya mkono wake, "babu anashuka."

Ng'ambo ya reli, Gerson alikuwa anawapungia mkono, wavuke.