Saa Saba ya Luano

Kila asubuhi, kabla ya kupaka viatu rangi, Mumba aliitangazia nyumba nzima saa ya Kinshasa. Hakuna aliyemwuliza. Mwalimu alikuwa amefundisha kwamba Kinshasa iko zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka Lubumbashi, kwamba ndege huenda huko kwa saa mbili na nusu hivi, na kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tangu siku hiyo, mvulana huyo wa miaka kumi na miwili alijiona waziri wa saa zote za nchi.

"Huko Kinshasa wameshaosha sahani?" dada yake Gaëlle alimwuliza. "Basi na wewe osha, bwana waziri."

Ijumaa ujumbe wa baba uliingia. Alikuwa Kinshasa akifuatilia viza. Sasa alikuwa anakwenda kufanya kazi Afrika Kusini kwa miaka mitatu, na angebadilisha ndege Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi. "Kesho ninafika saa saba mchana. Saa nane ninaingia ndani, sitoki tena. Mama aje nimuage."

Kambo, yaani bibi yao, mama yake baba, alikuwa ameshafika kwa lori kutoka kijijini Lukafu, na mfuko wa vinkubala, viwavi vikavu vya kula ambavyo mwanawe alivipenda tangu utotoni.

"Saa saba ya Kinshasa ni saa nane ya kwetu," Mumba akatoa hukumu.

"Lakini ile iko saa ya wapi, ya kule ao ya huku?" Kambo akauliza. "Muulize baba yako."

Mumba akachukua simu, akaenda nyuma ya nyumba, akatazama kuku kidogo, akarudi.

"Nimemuuliza, Kambo. Iko ya Kinshasa."

Jumamosi umeme ulikatika, wakaiacha simu kwa jirani mwenye jenereta ichajiwe. Kambo alitaka kuondoka mapema.

"Tutakaa juani bure," Mumba alisema.

Walishuka Luano saa nane kamili, Mumba akijipongeza kwa kutochelewa. Kambo akamwuliza mlinzi wa mlangoni kama ndege ya Kinshasa imetua.

"Zamani, mama. Iko muntu mwenye koti la kijani alisimama hapa, anaangalia barabara. Wamemwita mara mbili. Ameingia sasa hivi."

"Ule ni mutoto wangu. Umupatie hii mufuko."

"Hairuhusiwi, mama."

Wakasimama hadi ndege ilipopaa. Nyumbani, jirani akawarudishia simu. Ilikuwa imejaa simu za baba zisizojibiwa.

Jioni baba alipopiga kutoka Johannesburg, Mumba alikiri yote. Baba akasema, "Nipe mama." Kambo alizungumza naye kwa furaha, akacheka hata. Simu ilipokatika, kicheko nacho kikakatika.

"Sikia, mutoto," alisema. "Kukosa hesabu si kitu, kila muntu anakosa. Jibu ilikuwa kwa baba yako, na wewe ukaniletea jibu ya kuku. Kutojua si aibu. Aibu ni kusema umeuliza, na hukuuliza. Miaka mitatu ni mingi kwa miguu ya muzee kama mimi."

Akautundika mfuko wa vinkubala kwenye msumari.

"Kesho ninarudi Lukafu. Nenda uulize lori linaondoka saa ngapi."

Mumba akaenda kwa dereva, akauliza. Alipofika nusu ya njia ya kurudi, akageuka, akaenda kuuliza tena.