Chotara Ndani ya Ndoo

Kinyozi alizungusha ufunguo mara ya tatu. Injini ya boti ilikohoa kidogo, ikanyamaza. Mwamba walikokuwa wakizamia ulishabaki mstari wa povu nyuma yao, na mkondo ulizidi kuwavuta kwenye maji marefu. Nanga waliitupa, haikugusa chini.

Alifunua kifuniko cha betri. Nyaya mbili nyembamba zilitoka hapo, zikapita chini ya kiti, zikaishia kwenye ndoo iliyokuwa kati ya magoti ya mkewe. Pampu ndogo ya hewa ilikuwa ikitoa mapovu ya mwisho mwisho.

"Mama, hii umeiunga tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri," alijibu mkewe, mshonaji wa nguo. "Nilitaka maji yake yawe tayari. Nisamehe, mzee wangu."

Aliyetayarishiwa maji hakuzidi kiganja: chotara wa samaki malaika wa aina mbili, mwili wa njano wa ukoo mmoja, mapezi ya buluu ya ukoo mwingine. Mshonaji alikuwa amemtafuta miaka minne hadi kumnasa leo mwambani, na tangi la kumfugia lilishakula nusu ya sebule.

Kinyozi alitaka kufoka. Lakini kamba ya kuwashia injini kwa mkono ilikatika mwezi uliopita, na ni yeye aliyekuwa akisema ataibadili kesho. Majuto ni mjukuu, na leo walimpata wote wawili, katikati ya bahari, simu hazishiki mtandao.

"Betri ikipumzika hurudisha nguvu kidogo," alisema akichomoa nyaya. "Tutajaribu mara moja tu, jua likishapinduka."

"Na huyu? Tukimwachia hapa ataliwa."

"Mpe hewa kwa kikombe."

Mshonaji akachota maji ya ndoo, akayainua juu, akayamimina yatoe mapovu. Akachota tena. Bega lilipomkaza, mumewe akapokea.

Jua liliwakalia utosini. Chupa ya kwanza ya maji ya kunywa iliisha. Ya pili walinywa kwa kifuniko, kila mmoja akiapa ameshatosheka, wote waongo. Ndoo ilianza kupata joto. Mshonaji akalowesha taulo lao moja, akaifunika. Kinyozi akalitoa, akamfunika mkewe kichwa. Mke akalirudisha kwenye ndoo.

"Utazimia, wewe mwanamke."

"Basi sogea."

Wakainama wote, vichwa viwili na ndoo chini ya taulo moja, midomo imepasuka kwa chumvi. Huko chini Kinyozi alisikika akinong'ona, "Kaza moyo, bwana mdogo, kaza." Mkewe alimsikia, na akampenda vibaya mno.

Mnara wa taa wa pwani ulipobaki kama sindano, Kinyozi alisema hawawezi kungoja zaidi. Akasukuma mafuta kwa kubinya pampu yake ya mpira, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikasita, ikawaka.

Mshonaji alishika mguu wa mumewe, asiuachie, mpaka povu la mwamba likaonekana tena.

"Punguza mwendo hapo," akasema. "Namrudisha kwao."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu leo nusura nikuue kwa ajili ya samaki!" Sasa ndipo alipolia. "Kila nikimwona sebuleni nitakumbuka hilo."

Kinyozi alipunguza mwendo, ila injini hakuthubutu kuizima. Aliinama akamwangalia chotara, aliyekuwa akipiga mapezi yake ya buluu taratibu, mzima.

"Mimi nikimwona nitakumbuka mengine," alisema. "Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sijawahi kukaa na wewe karibu hivyo."

Mshonaji akajifuta macho kwa taulo. Kisha akachukua kikombe, akachota, akainua juu, akamimina; na Kinyozi akaelekeza boti nyumbani.