Naenda kwa Mzee

Mwanamume gani anavaa koti refu jeusi na miwani ya giza katikati ya soko la Nakuru, saa saba mchana, jua likichoma mpaka utosini? Nyakio alimtazama akafyonya. Yeye alikuja kununua zipu, akiwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni kama alivyotaka. Kisha yule wa koti akamwomba muuzaji msamaha kwa kukanyaga bidhaa zake, na Nyakio akaitambua sauti. Kila Ijumaa sauti hiyo ilisimulia mauaji yasiyo na wauaji kwenye podikasti ya *Faili la Vumbi*, ikihema kwenye maikrofoni utadhani inatongoza maiti.

"Wewe ndiye Joash Sitati," akamwambia.

"Ndiye mimi, mrembo. Unanisikiza?"

"Wateja wangu ndio husikiza. Mimi niko na kazi."

Joash akacheka, na Nyakio akachukia jinsi kicheko hicho kilivyompendeza.

Alimpa namba kwa ajili ya dada yake, si kwa ajili ya mapenzi. Ndivyo alivyojidanganya. Wangeci, kibarua wa shamba la maua, alikutwa ameuawa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, miaka mitatu nyuma, na polisi walichoka na kesi kabla hawajaianza. Huenda mdomo huu mkubwa ungewaamsha. Basi akamsimulia, simu baada ya simu, mpaka simu zikaacha kuwa za Wangeci peke yake.

"Umekula, sweetie?"

"Nimekula. Wewe kula hiyo koti yako."

Akamtumia hata ujumbe wa mwisho wa dada yake, sauti ya mtu anayetembea haraka: "Naenda kwa mzee, nitakupigia." Siku zote Nyakio aliamini kwamba mzee ni baba yao, Mburu, wa Elburgon, na kwamba Wangeci aliuawa kabla hajapanda gari la nyumbani.

Ijumaa iliyofuata, mteja mmoja akafungulia podikasti kwenye duka la ushonaji la Nyakio. Kipindi kiliitwa "Mrembo wa Kamere na Mzee Wake". Palikuwa na muziki wa kutisha na sauti ya mvua ya kubandika, na Joash akinong'ona kwamba Wangeci alikuwa na mzee tajiri wa kumtunza, na kwamba tamaa ina bei yake. Katikati wakapitisha tangazo la magodoro. Mteja akatikisa kichwa, akasema wasichana wa siku hizi hujitakia. Nyakio akamtoa dukani na nguo yake haijashonwa, kisha akapiga simu.

"Nani alikwambia dada yangu alikuwa na sponsa?"

"Babe, alisema mwenyewe. Anaenda kwa mzee. Msichana akisema hivyo, watu wataelewa nini?"

"Mbwa kama wewe ndio wataelewa hivyo. Usinipigie tena."

Joash alimpigia wiki nzima, naye Nyakio hakushika. Alimtamani, na kumtamani mtu ambaye yeye mwenyewe alimdharau kulimtia hasira zaidi.

Nyakio aliishi Lanet, kwenye ploti yenye majirani wengi. Jumapili moja jirani yake Jackie akatoka mbio, shavu limevimba, leso begani. Nyakio akamuuliza anaenda wapi.

"Naenda kwa mzee," Jackie akasema. "Leo huyu bwana atanitambua."

Baba yake Jackie alikufa zamani. Alikuwa anaenda kwa mzee wa mtaa kushtaki. Nyakio akakumbuka ujumbe wa Wangeci: huenda naye alikuwa akienda kwa mzee wa mtaa. Kisha akameza kiburi chake, kikashuka kichungu, akampigia Joash.

"Leta gari na hiyo maikrofoni yako. Usiniite babe."

Kamere walimkuta Mzee Naftaly, mzee wa mtaa, akila ugali na samaki nje ya nyumba. Hakuacha kula.

"Wangeci alikuja," akasema. "Alisema supavaiza wake, Kamande, ameapa kumuua. Nikamwambia arudi kesho. Nilikuwa nakula."

"Na mbona hukusema?" Nyakio akauliza.

"Hakuna mtu aliniuliza. Na huyu wa podikasti alikuwa anatafuta sponsa."

Joash akanyoosha mkono kuzima maikrofoni. "Iache," Nyakio akamwambia. "Wewe pia ujisikie."

Kipindi kilichofuata hakikuwa na mvua wala magodoro. Joash alipitisha sauti ya Naftaly kama ilivyo, kisha akasema kwa sauti kavu kwamba Wangeci alikuwa akitafuta msaada na kwamba yeye, Joash, alimchafulia jina. Polisi, ambao aibu huwasukuma kuliko haki, wakamkamata Kamande.

Siku Kamande aliposomewa mashtaka mahakamani Nakuru, Joash alikuja na shati la kawaida. Nyakio akamwona kuwa ni mtu tu, tena mzuri. Wakasimama kwenye ngazi.

"Nyakio, nataka kwenda kwa mzee."

"Mzee gani? Sema vizuri. Unajua vile huwa unaelewa."

"Mzee Mburu, babako. Nikaulize kama anaweza kunipa wewe."

Moyo wa Nyakio uliruka, naye akaukunjia uso. Alimpenda mjinga huyu, na hakuwa na dawa.

"Enda. Lakini umwombe msamaha wa Wangeci kwanza, mimi baadaye."

"Na akinifukuza kwa geti?"

Nyakio akamnyooshea kola, taratibu, kama anayepima nguo.

"Ungoje hapo kwa geti. Wangeci amengoja miaka mitatu."