Begi Lililotangulia

Saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, katika uwanja mdogo wa ndege wa Vanthalpur, Bibi Jamna Vora alifungua kisanduku cha vito vya harusi ili amvalishe mjukuu wake, bibi arusi, kipini cha pua. Ndani alikuta mbaazi.

Mbaazi kavu za njano, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Mkufu haukuwepo, wala bangili, wala kipini. Bibi Jamna hakulia. Alimnyooshea kidole mpakiaji mizigo, Nathu Solanki, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Mwizi ni huyu!"

Inspekta Kokila Gohil, mkuu wa polisi wa uwanja, alikuwa akipuliza chai yake ya pili. Aliiacha pale pale. Ndege ya kukodi ya kuwapeleka abiria sita Udaipur ilikuwa imeshajazwa mafuta, na mwongoza ndege wa Vanthalpur hufunga kazi saa sita kamili. Familia ilitaka mtu akamatwe, iende zake harusini. Lakini Kokila alijua kwamba akimkamata Nathu hata kwa saa moja, kitambulisho chake cha kuingia uwanjani kitafutwa, na kikifutwa hakirudi. Mtu wa miaka hamsini na tatu angeanzia wapi?

"Haya, Nathubhai, nieleze toka mwanzo," alisema. "Na usilie, leo hatuna muda wa machozi."

"Begi lilifika saa moja na dakika kumi, afande. Alilileta Vrajlalbhai, mtoto wa bibi. Nikalipima, kilo kumi na moja na gramu mia tatu. Nikalifungia chumba cha mizigo, ufunguo ninao mimi."

"Ndege ya saa tano na nusu, begi saa moja. Haraka ya nini?"

Vrajlal, bwana mnene mwenye alama ya msandali kwenye paji la uso, alidakia kabla hajaulizwa. "Saa njema ya safari ilikuwa inakwisha saa mbili, afande. Mtu akishindwa kuondoka saa hiyo, anatanguliza mzigo upande ule anaokwenda, na safari inahesabika imeanza. Udaipur iko kaskazini, na uwanja uko kaskazini mwa nyumba yetu."

"Unanifundisha mimi? Bibi yangu alikuwa anatanguliza kapu hata akienda kung'oa jino." Kokila akageuka. "Nathubhai, nani mwingine aliingia chumba hicho?"

Nathu alisita. "Kapteni. Saa tatu na nusu."

Kapteni Rustom Bharda, rubani, alipandwa na hasira papo hapo. "Niliingia kukagua uzito! Ndege imezidi kilo sitini. Kuna mtu kaleta maboksi ya peda, vitamu vya maziwa, utadhani anakwenda kulisha jeshi."

"Nani huyo?"

"Mimi," alisema Vrajlal. "Harusi gani haina peda? Na nimeshajitolea kubaki. Wao waruke, mimi nitawafuata kwa gari."

Jamaa zake wakamsifu kwa mara ya pili. Kokila aliwaacha wamalize, kisha akaagiza begi lirudishwe kwenye mizani. Kilo kumi na moja na gramu mia tatu.

"Si mnaona!" Vrajlal alipiga makofi. "Hajapunguza hata gramu. Nani awezaye kufidia uzito barabara hivyo, kama si mwenye mizani?"

Nathu alikaa sakafuni. Maneno yalikuwa na mantiki, na Kokila alichukia kukubali hivyo. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Alichota mbaazi, akazisugua viganjani, akanusa. Vidole vikang'aa.

"Bibi, mbaazi za akiba mnazihifadhije kwenu?"

"Kama mtu yeyote mwenye akili! Tunazipaka mafuta ya nyonyo zisiingie wadudu. Nazipaka mwenyewe, na majani ya mwarobaini natia kwa mkono wangu."

"Basi nusa."

Bibi Jamna alinusa. Katikati ya mbaazi alitoa kipande cha jani lililokauka, akalitazama kwa muda. "Hizi zangu," alisema polepole. "Zimetoka pipa langu."

"Nathubhai, umewahi kufika nyumbani kwa bibi?"

"Mimi? Hata mtaa siujui, afande."

"Kapteni?"

"Nimetua leo saa mbili. Nyumba yenyewe naijua kwa kuitukania zile peda."

"Basi vito vilitolewa nyumbani, kabla begi halijagusa mizani hii," alisema Kokila. "Ndiyo maana uzito haukubadilika. Bibi, nani alilifunga?"

"Kisanduku nilikiweka jana jioni. Leo sikukifungua. Kila msafiri alitia leso yake yenye popoo ya kutanguliza, nikafunga zipu. Vrajlal akaondoka nalo saa kumi na mbili na nusu."

"Na kutoka kwenu hadi hapa ni mwendo gani?"

"Robo saa."

"Alitumia dakika arobaini." Kokila alitumbukiza mkono begini na kupanga leso mezani. Zilikuwa tano. "Wasafiri walikuwa sita. Nani hakutia?"

Bibi alizigeuzageuza leso zile. Alipoinua uso, ulikuwa umesawajika. "Ya Vrajlal haimo."

"Nilisahau," alisema Vrajlal.

"Wewe?" Bibi arusi, Urvi, alisema kabla hajajizuia. "Ba'mdogo, wewe hunyoi ndevu bila kuangalia kalenda!"

Watu walicheka, isipokuwa Vrajlal. Kokila alikuwa ameshafika mlangoni. Saa moja asubuhi Vrajlal alikuwa bado abiria wa Udaipur, na mtu kama yeye hawezi kusafiri bila kutanguliza kitu. Kama hakukitanguliza kaskazini, basi safari yake ilikuwa ya upande mwingine. Na kusini mwa mji, kwenye kibanda cha chai cha Popat, husimama basi la Mumbai saa saba mchana.

Gari la polisi lilirudi saa tano na dakika arobaini. Kokila alishuka pamoja na Popat, muuza chai, aliyekumbatia mkoba wa kijani wenye leso iliyofungwa popoo kwenye mpini.

"Kaniachia huyu bwana asubuhi," alisema Popat. "Kaniambia nisiuweke chini, na nisimrudishie mpaka akija kupanda basi. Mimi nimeutundika juu ya birika."

"Mwizi wa kawaida angevifukia shimoni," alisema Kokila. "Bwana Vrajlal alitaka wizi wenye baraka. Kilo sitini za peda ni zake, ili ndege izidi uzito na yeye abaki kwa heshima zote. Fungua mkoba."

Vrajlal hakufungua. Kokila alifungua mwenyewe, na dhahabu ikamwagika mezani.

"Ndiyo, mimi!" Vrajlal alilipuka. "Binti yangu Heli aliolewa Mumbai shingo tupu, Mama! Kwa sababu hukumpenda mwanamume wake, hukumpa hata bangili moja. Huyu anapewa sanduku zima!"

Bibi Jamna alitenga bangili mbili.

"Hizi za Heli," alisema. "Hapo nilikosea. Ungekuja mlango wa mbele, ukaniambia usoni. Lakini ulitaka mtoto wa watu afungwe kwa ajili yako. Afande, mchukue."

Kisha aliinama, magoti yakilia, hadi kwa Nathu pale sakafuni. "Nilikuita mwizi mbele za watu. Mbele za watu naomba unisamehe. Na kiti cha Vrajlal kiko wazi. Twende harusini."

"Mimi? Bibi, miaka ishirini na mbili napakia ndege, sijawahi kupanda hata moja!"

"Una kilo ngapi?" aliuliza Kapteni.

"Hamsini na nane."

"Peda zishuke, polisi wazile. Panda!"

Saa sita kasoro dakika saba ndege iliacha ardhi ya Vanthalpur. Kwenye kiti cha nyuma Nathu alikuwa bado anauhangaikia mkanda, hajui unafungwaje, mpaka Urvi alipomwinamia na mikono yake ya hina, akamfungia.